Pangusa Hatasema

Chumba cha Juu,
Nyumba ya Fundi Saa,
Mtaa wa Nyuma ya Kiwanda.
Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umenyooka, maana mara ya mwisho uliandika kwamba baridi ya huko inakuingia kiunoni kama mgeni asiyebisha hodi. Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Mwambie yule wa pili kwamba picha yake ya tembo nimeibandika juu ya meza yangu ofisini, na mhariri wangu anadhani ni ramani.

Sisi huku tupo. Shangazi miguu inamvimba akisimama sana, lakini ulimi haujapata ugonjwa wowote. Mimi nimebadilisha miwani na bado nipo dawati lilelile la habari za mji, naandika mabomba yaliyopasuka na mikutano iliyovunjika. Kitinda mzima, isipokuwa nyonga ya kushoto imekuwa nyeusi kama bilinganya. Ameanguka juu ya saruji. Ameanguka kwa makusudi, kama kawaida yake, na jinsi alivyofika kwenye saruji nitakueleza.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Unasema mwenzako wa kazini alikuonyesha simu wakati wa chakula, akakuuliza kama yule mtu anayewatukana akina mama wa sokoni si ndugu yako, mbona paji la uso ni moja. Ukamjibu humfahamu. Sasa unaniagiza nimwambie Kitinda apande jukwaani, afungue mdomo na kuomba radhi kama kamati ya ukumbi ilivyotaka, ili angalau upate kitu cha kuwaonyesha watu. Na unamalizia kwa kusema aache ububu, aseme kama watu wazima.

Kaka, nakuheshimu, na jibu langu ni hapana. Sijakasirika, chai yangu iko mezani na bado ina moto. Gazetini habari hii siwezi kuiandika kwa sababu mhusika ni mdogo wangu, na kanuni hiyo sijawahi kuivunja. Kwa hiyo msomaji wangu ni wewe peke yako. Nitakupa mambo yalivyotokea, bila kutia chumvi, kisha kama bado una hasira, angalau uwe na hasira ya jambo la kweli.

Kwanza, ile sauti si yake. Wewe uliondoka kabla Kitinda hajaanza mambo haya, kwa hiyo Pangusa humjui. Ni mtu mwenye koti refu kuliko yeye na suruali fupi kuliko miguu yake, anatembea na kitambaa cha kufutia vumbi. Anachotaka duniani ni kimoja, kumsafishia mtu mahali pa kukaa. Kila anachokisafisha kinazidi kuharibika. Meza inapoteza mguu, pazia linamfunika, ndoo inamng'ang'ania kwenye mguu na kukataa kutoka. Naye anavipenda vitu hivyo, anaviamini, anaviomba samahani kwa kuinama. Jumamosi zote mchana yumo ukumbini, na tangu azaliwe hajatamka hata silabi.

Katika mchezo ulioona kwenye simu, Pangusa anafuta viti vya mbele kwa ajili ya akina mama wa sokoni, ambao hukaa hapo kila wiki kwa sababu wao ndio hufika mapema. Ghafla anasikia harufu mbaya. Anaziba pua. Anaitafuta harufu chini ya viti, nyuma ya pazia, kwenye viatu vyake. Anawaangalia akina mama kwa kuwaonea huruma, jamani, nanyi mnaisikia? Harufu inatoka kwenye kitambaa chake mwenyewe, na kila mtu ukumbini anajua hivyo isipokuwa yeye. Hapo ndipo watu huvunjika mbavu. Mzaha ni juu yake, kichwani mpaka kisiginoni.

Kinyozi wa kona, yule wanayemwita Mbwembwe, alikata kile kipande cha kuziba pua tu, akatia sauti yake juu. Umesikia alichosema, sitakirudia. Vitunguu vilivyooza na kadhalika. Alifanya hivyo kuwachekesha wateja waliokuwa wanangoja zamu, mteja mmoja akaomba atumiwe, na kufikia Jumatatu mji mzima unaye Pangusa anayetukana.

Nilikwenda kwake kama ninavyokwenda kwa mtu yeyote, na swali mkononi. Alikuwa amemshika mteja kichwa.

"Dada, mimi sikumharibia mtu," akasema. "Picha ilikuwa haina sauti, nikaitia. Wewe ukikuta sufuria haina chumvi jikoni utafanyaje?"

"Nitauliza sufuria ni ya nani."

Mteja akacheka, wembe ukasimama hewani. Mbwembwe akasema basi, ataifuta. Akaifuta kwenye simu yake, ambako haikuwa na madhara tena. Sina kisasi naye. Si mtu mbaya, ni mtu ambaye ukimya unamwasha kama upele.

Na hilo ndilo ninalotaka ulielewe, maana naona linakuwasha nawe. Unauliza watu wanaona nini kwa mtu mzima anayeanguka bila kusema neno. Nimekaa kwenye viti vile Jumamosi nyingi, na kwa tabia ya kazi yangu huwa siangalii jukwaa, naangalia watu. Mhunzi asiyesikia tangu utotoni hucheka sawa na wengine, hachelewi, hangoji mtu amweleze. Mgeni aliyeshuka kwenye basi jana, hajui lugha yetu hata ya kuombea maji, anacheka hapohapo. Mtoto wa kubebwa anacheka. Hakuna mahali pengine katika mji huu ambapo watu hao watatu wanaelewa jambo moja kwa wakati mmoja. Kwenye mikutano ninayoiandika, hata wanaosema lugha moja hawaelewani.

Halafu kuna jambo jingine. Kwa kuwa Pangusa hasemi, kila mtu anamsemea kichwani mwake. Nilimuuliza Mama Karoti, kiongozi wa wauza mboga, Pangusa anasema nini anapogombana na mlango wake wa jukwaani, ule unaojifunga wenyewe. Akaniambia bila kufikiri, "Anasema ya mume wangu." Fundi Saa wa hapa chini anasema mlango ule ni forodha. Mimi nina wangu, sikutajii. Mbwembwe alipotia sauti yake alifuta zetu zote. Sikulaumu kwamba ulimsikia yeye, lakini ujue ulimsikia kinyozi.

Unasema pia kwamba ujinga huu Kitinda ameutoa kwa watu wa nje, kwamba kwetu hakuna mambo hayo. Kaka, umesahau nyumba uliyokulia?

Baba alifanya kazi kwenye ukumbi wa mitambo ya kufuma, ambako kelele ilikuwa kubwa hata mtu akipiga kelele sikioni mwako unaona meno tu. Wafumaji walisema kwa mikono na nyuso. Kiganja chini ya kidevu, bosi anakuja. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, saa imefika. Kufuta bega kwa ncha za vidole, achana nayo, limekwisha. Baba alirudi na lugha hiyo nyumbani kwa kuwa masikio yalikuwa yameshakufa, na mezani kwetu mtu aliyetaka mboga hakufungua mdomo. Wewe ndiye uliyekuwa hodari kuliko sote. Ulimpa Baba habari ya matokeo ya mtihani wako kwa nyusi peke yake, na alielewa kwamba umefeli hesabu kabla hujakaa. Pangusa anapofuta bega lake baada ya kuanguka, huyo si mtu wa nje. Huyo ni mfumaji wa zamu ya asubuhi.

Na zile sinema za klabu ya kiwanda? Spika ilikufa mwaka tulioanza kwenda, na hakuna aliyeitengeneza. Mwendesha mashine alisimama mbele ya ukuta mweupe akasema, "Picha hii hapa, sauti mtatia wenyewe." Tukaziona zote hivyo, hata zile ambazo watu walikuwa wanasema kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tulidhani ndivyo sinema zilivyo, watu wanafungua midomo kwa adabu na hakuna kinachotoka. Kuna ile ambayo mwanamume anaagana na mkewe kituoni, wanalia, nayo kofia yake inateleza kidogokidogo kuja usoni. Klabu nzima ilikuwa chini, wanaume wazima wameshika matumbo. Miaka baadaye niliiona ikiwa na sauti. Kumbe ni ya huzuni. Yule bwana anakwenda vitani. Kitinda nilikuwa naye siku hiyo, na aliinuka katikati akasema, "Wameiharibu," akatoka nje. Alikuwa hajaota ndevu.

Mwendo wa Pangusa ni wa mlinzi wa lango la kiwanda, yule aliyepewa koti la marehemu mlinzi aliyemtangulia akakataa lipunguzwe. Macho yake ni ya kuku. Sikutanii. Kitinda alikaa uani na kuku wa Shangazi mpaka Shangazi akanipigia simu kazini: "Njoo umtazame mdogo wako, anatazamana na kuku, na naona kuku anashinda." Alikuwa anajifunza jinsi kuku anavyogeuza kichwa kwanza, kisha ndipo anapofikiri. Na namna Pangusa anavyomkaripia mtu kwa kusogeza kiti tu, hiyo ni ya Shangazi mwenyewe, ingawa hatukubali.

Siku hizi mambo yamegeuka, mji ndio unaomwiga yeye. Wauguzi wa zamu wakichoka na daktari anayejisifu wanatazamana na kufuta mabega. Makarani wa posta hivyohivyo. Juzi nimemwona diwani akijibu swali langu kwa kufuta bega, na niliandika hivyo kwenye habari, kwa sababu ndilo jibu nililopewa.

Sasa kamati. Akina mama wa sokoni walipeleka malalamiko, na walikuwa na haki, wametukanwa. Kitinda hakungoja aitwe. Alikwenda sokoni asubuhi, bila koti, kwa uso wake wa kila siku, akapita meza kwa meza akiwaeleza kwamba sauti si yake na kwamba anasikitika picha yake imetumika kuwaumiza. Wengine walimwelewa, wengine walimnunia. Mama Karoti alimsikiliza huku anafunga mafungu ya mchicha, kisha akasema, "Na mimi nilicheka, mwanangu. Nilicheka sana kabla sijajua wanaotukanwa ni sisi." Akampa fungu moja aende nalo.

Lakini mwenyekiti wa kamati ya ukumbi alishatoa neno lake. Unamkumbuka, aliyekuwa mkaguzi wa mizani, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni. Kwake yeye aliyetukana ni Pangusa, basi aombe radhi Pangusa, jukwaani, ndani ya lile koti, mbele ya kipaza sauti. Kama hataki, ukumbi atausikia kwa watu. Nilikuwepo kikaoni, nimekaa nyuma, bila daftari.

"Maneno matatu tu, bwana," mwenyekiti akamwambia. "Samahani akina mama. Hata kasuku anaweza."

"Basi mleteni kasuku," Kitinda akasema.

"Usinifanyie mzaha hapa."

"Mheshimiwa, mimi nimeshaomba radhi kwa mdomo wangu. Nitaomba tena hapa, nitaomba kesho, nitaomba kwa redio mkitaka. Lakini Pangusa hana mdomo wa kuombea radhi, kwa sababu hakuwa na mdomo wa kutukania. Akisema samahani, maana yake yale mengine pia aliyasema."

Mjumbe mmoja, mwalimu wa muziki, akasema taratibu kwamba kijana ana hoja. Mwenyekiti akasema hoja anayo, ukumbi hana. Jumamosi inayofuata au kufuli.

Barua yako ilifika katikati ya wiki hiyo. Sikuificha. Kitinda alikuwa ameshaniambia kwamba kamati haimtishi, lakini Kaka akisema neno, basi, atafanya, kwa sababu baada ya Baba ni wewe. Ujue hivyo. Ujue uzito wa karatasi uliyoituma. Nilikwenda chumbani kwake, akiwa anashona kifungo cha koti, nikaisoma yote kwa sauti, pamoja na pale unapomkana. Sindano ilisimama hapo kidogo, kisha ikaendelea.

Nilipomaliza akauliza, "Kaka anataka nani aseme? Mimi au Pangusa?"

"Pangusa."

"Kwa hiyo barua ni ya Pangusa."

"Unaweza kusema hivyo."

"Basi mpelekee. Mimi nikimwona nitamwambia ana barua."

Alijaribu kucheka, haikutoka. Akaniuliza mimi naonaje. Kaka, katika kazi yangu watu huniuliza naonaje kila siku, na kila siku nawaambia mimi naandika tu. Safari hii nilimwambia. Nikamwambia nimewasikiliza watu wengi wakilazimishwa kukiri wasiyoyafanya ili mambo yaishe, na sijaona hata mara moja yakiisha. Nikamwambia Kaka yuko mbali na amesikia vibaya. Nikamwambia asiseme. Kama kuna wa kulaumiwa kwa kuvunja agizo lako, ni mimi, na sijutii.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wengi hawakuja kucheka, walikuja kusikia sauti yake. Kamati nzima ilikaa mbele, pembeni ya akina mama. Katikati ya jukwaa kilisimama kipaza sauti peke yake. Mwenyekiti alipanda, akatangaza kwamba leo Pangusa ana jambo la kuwaambia wananchi, akashuka, akakunja mikono.

Pangusa akaingia. Akakiona kipaza sauti. Akakichukulia kuwa ni mtu, mtu mwembamba mwenye kichwa kidogo. Akainama kumsalimu. Hakujibiwa. Akampisha apite, akampisha tena upande wa pili, wapi. Akamletea kiti. Akaona vumbi kichwani kwa yule bwana, akatoa kitambaa akamfuta, na spika zote zikanguruma kama simba. Pangusa alikuwa chini ya kiti kabla ngurumo haijaisha. Hapo watu waliokuja kusikia sauti walikuwa wameshasahau kilichowaleta, isipokuwa mwenyekiti.

"Sema!" akasema kutoka kitini. Hakupiga kelele, lakini tulimsikia.

Pangusa akageuza kichwa. Kisha akafikiri. Akaelewa kwamba watu wote hawa wanamngoja yeye. Akaja mbele, akajiweka sawa koti, akavuta pumzi mpaka mabega yakafika masikioni, akafungua mdomo. Kaka, mimi nimekaa mahakamani hukumu zikisomwa, lakini ukimya wa namna ile sijaukuta. Nilikuwa najua hatasema, na bado nilijikuta ukingoni mwa kiti, maana pale alipokuwa amesimama, na mdomo wazi, niliona macho yake si ya kuku tena. Yalikuwa ya Kitinda. Alikuwa anakufikiria wewe. Nina hakika kama ninavyoandika hapa kwamba angeweza kusema.

Mama Karoti ndiye aliyesimama.

"Usiseme!" akapiga kelele. "Usiseme, baba! Funga!"

Na akina mama wa viti vya mbele, walewale waliotukanwa, wakaitika nyuma yake, "Usiseme! Usiseme!" Ukumbi ukalipokea, wenye madirisha wakalipokea, mhunzi asiyesikia akaona midomo yao akaanza kupiga mguu chini.

Pangusa akafunga mdomo. Akaupangusa kwa kitambaa, pembe hii, pembe hii, kama mtu aliyemaliza kula. Halafu akamchomoa yule bwana mwembamba kwenye mti wake wa chuma, akashuka naye ngazi kwa heshima zote, akamfikisha mbele ya mwenyekiti na kumshikia mdomoni. Uwanja ni wako, mheshimiwa.

Mwenyekiti akasimama. Ungemwona, alikuwa na hotuba nzima usoni. Akasema, "Mimi..." Spika zikalia mlio wa kutoboa masikio. Pangusa akakitazama kipaza sauti, akamtazama mwenyekiti, akachukua kitambaa chake na kulifuta lile neno, taratibu, mpaka likatoka lote.

Sitakueleza kicheko, sina namna. Nitakueleza kwamba mwalimu wa muziki alilalia bega la mjumbe mwenzake, na kwamba mwenyekiti alikaa, na mdomo wake kwa sekunde moja ulitaka kupinda. Aliukaza. Naandika alichofanya, sijui alichotaka.

Jumapili kufuli lilikuwa mlangoni. Tangazo linasema ukumbi uko kwenye matengenezo, na hakuna fundi aliyeonekana. Kwa hiyo usidhani nakuandikia habari ya ushindi. Kitinda amepoteza jukwaa, taa, pazia na ule mlango wa kujifunga wenyewe alioutengeneza kwa mikono yake, umebaki ndani. Nimemwandikia mwenyekiti kwa jina langu na kwa anwani ya nyumbani, si ya gazeti, nikimwomba angalau mlango. Hajajibu.

Akina mama wa sokoni wamempa jukwaa la kupakulia mizigo, baada ya malori kuondoka Jumamosi mchana. Ndiyo saruji niliyokutajia. Haina huruma ile ya mbao, na juzi alianguka mara ya kwanza akabaki chini muda mrefu kidogo kuliko mchezo ulivyotaka. Nilikuwa nimeshainuka kwenye kreti yangu. Akajikaza, akasimama, akafuta bega. Bila mlango anatumia mzani wa viazi, ambao unapanda na kushuka kila akiupisha, na Mama Karoti anadai naye ni mumewe. Nimemwambia Kitinda avae kitu cha kukinga nyonga. Hataki, anasema Pangusa atatembea kama mtu anayejua anaanguka.

Sasa niseme la mwisho, nalo ni kwako. Nakutumia kwa simu ile picha nzima ya kitambaa kinachonuka, jinsi ilivyochezwa, haina sauti hata chembe. Mtafute yule mwenzako wakati wa chakula, umwonyeshe. Mwache acheke. Kisha atakuuliza tena kama yule si ndugu yako. Pangusa ndiye asiyesema, Kaka. Wewe unasema vizuri sana, tangu utotoni. Mjibu.

Nisalimie Wifi na watoto wote, na yule wa pili umwambie nangoja twiga. Shangazi anakusalimu na anauliza kama huko kuna mtu anayekukemea, maana anaona unahitaji. Fundi Saa anakusalimu, saa ya Baba ameitengeneza, inakwenda mbele kidogo lakini inakwenda. Mama Karoti hakujui, ila amesema nikuandikie kwamba amekusamehe, sababu hakutoa. Mungu akuwekee mkono wake mgongoni hapo panapouma, na akuepushe na watu wa kukuonyesha simu.

Kitinda yuko hapa mlangoni, ananiuliza kama nimeshafunga bahasha. Anasema, "Mwambie Kaka shikamoo." Kwa mdomo wake mwenyewe, nimemsikia.

Ni mimi nikupendaye na nisiyekubaliana nawe,

Dada yako.